Mizigo ya Nyangwe na Mikono ya Osteopathi

Msafiri na mmisionari David Livingstone alifika Nyangwe, mji wa Kongo kwenye mto Lualaba, mwishoni mwa Machi 1871 akiwa na kiungo kimoja zaidi ya watu wengine. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko. Mfupa haukuunga. Pale ulipovunjika pakabaki pakicheza, kiungo bandia mahali pasipopaswa kuwa na kiungo. Kwa mkono huo alizunguka Afrika kwa karibu miaka thelathini. Alipokwama Kabambare kabla ya kufika Nyangwe, tangu katikati ya 1870 hadi Februari 1871, kilichomlaza hakikuwa mkono bali vidonda vya miguu. Baada ya kifo chake, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walipoibeba maiti yake hadi pwani, nayo ikafika Uingereza Aprili 1874, daktari mpasuaji William Fergusson aliitambua kwa mfupa ule ule.

Miezi miwili baadaye, tarehe 22 Juni 1874, tabibu wa mashambani wa Marekani aitwaye Andrew Taylor Still alitangaza njia mpya ya tiba aliyokuja kuiita osteopathi. Matukio haya mawili hayahusiani kwa lolote ila kalenda. Hata hivyo mkono wa Livingstone unaonyesha jambo ambalo wafuasi wa Still walichelewa kulikubali: mwili huweza kufanya kazi nyingi ukiwa umepinda, umechakaa au umeunga vibaya, na ubaya wa mfupa si kipimo cha maumivu.

Nyangwe ni mji wa mizigo tangu mwanzo wake. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walipoweka kituo kwenye ukingo wa kulia wa Lualaba, karibu na mwaka 1860, pembe za ndovu ziliondoka hapo juu ya mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila, takriban kilo 16 kila moja, na frasila mbili kwa mtu mmoja hazikuwa jambo la ajabu. Wengi waliobeba hawakuulizwa kama wanataka, walikuwa watumwa. Mifupa yao haikupelekwa London kuchunguzwa.

Leo pembe hazipo, mizigo ipo. Bidoni la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi, nalo hupanda kichwani. Mpunga wa Maniema, mkoa ulipo Nyangwe, hubebwa, hupigwa, hutwangwa kwenye kinu. Baiskeli, au kinga kama wengi wanavyoiita Kongo, hupakiwa magunia mpaka haipandiki tena. Mwenyewe huisukuma kwa miguu akiwa ameinama upande mmoja, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gogo lililofungwa nyuma. Kwenye Lualaba kuna wapiga kafi. Upande wa Kabambare, eneo la Namoya, kuna wachimbaji wa dhahabu wanaochuchumaa mashimoni na kupandisha mchanga kwa mifuko. Na kila mahali kuna jembe la mpini mfupi. Ukijua kazi ya mtu, mara nyingi utabashiri anapoumwa kabla hajasema: shingo kwa mbeba bidoni, bega na kiuno cha upande mmoja kwa msukuma baiskeli, bega la kulia au la kushoto kwa mpiga kafi kutegemea anakaa upande gani wa mtumbwi, magoti kwa mchimbaji, kiuno kwa mkulima.

Hawako peke yao. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na makadirio ni kwamba kufikia 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna tatizo jingine linalowazuia watu wengi kiasi hicho kufanya shughuli zao. Katika wagonjwa walio wengi hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana, kati yake zikiwa na diski laini, nyuma yake viungo vidogo viwili viwili, na kuzunguka vyote hivyo kano na misuli inayofanya kazi hata mtu akiwa amesimama tu. Msuli uliotumika kupita kiasi hukaza. Kukaza kunazuia kiungo kusogea, kiungo kisichosogea kinauma mtu akijaribu kukisogeza, naye anaogopa, anajikunyata, na siku ya tatu anatembea kama aliyemeza mti ingawa hakuna kilichovunjika.

Hapo ndipo picha ya eksirei inapopotosha watu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalikusanya picha za migongo ya watu wasiosikia maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa; miongoni mwa wenye miaka 80, asilimia 96. Diski huchakaa kama nywele zinavyogeuka mvi. Mtu aliyesafiri kutoka Nyangwe, akauza mbuzi alipie picha, kisha akaambiwa kwamba uti wake “umesagika”, mara nyingi ameambiwa umri wake kwa bei ghali. Mbaya zaidi, anarudi nyumbani akiamini mgongo wake ni wa kuvunjika, na anaacha kutembea.

Still alikuwa na sababu zake za kuchukia tiba ya zama zake. Alizaliwa Virginia mwaka 1828, mtoto wa mhubiri aliyekuwa pia tabibu. Mwaka 1864 uti wa mgongo, ule ugonjwa wa homa unaoshambulia utando wa ubongo, ulimwulia watoto watatu huku madaktari wakisimama pembeni. Dawa za siku hizo zilijumuisha zebaki, na kumtoa mgonjwa damu bado kulihesabiwa tiba. Still akaamua kwamba mwili una uwezo wa kujiponya iwapo mifupa, misuli na mishipa vimekaa sawasawa, na kazi ya tabibu ni kuondoa vizuizi kwa mikono. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe anasimulia kwamba utotoni, akiwa na maumivu ya kichwa, alifunga kamba kati ya miti miwili, akaiegemeza shingo, akalala, akaamka mzima. Kabla jina la osteopathi halijaenea alijitangaza vijijini kama mwunga mifupa wa kasi ya radi. Mwaka 1892 alifungua shule yake Kirksville, Missouri, na wanawake walipokelewa tangu darasa la kwanza, jambo ambalo vyuo vingi vya udaktari vya wakati ule havikulifanya.

Alikosea katika mengi. Aliamini kwamba karibu kila maradhi yanaanzia kwenye mpangilio wa mifupa, na hilo si kweli. Malaria haitoki kwa kusukuma pingili. Urithi wake umegawanyika. Nchini Marekani wanaohitimu vyuo vya osteopathi ni madaktari kamili wanaoandika dawa na kupasua, na wengi hawagusi mgongo wa mtu kwa mwaka mzima. Uingereza, Ufaransa na kwingineko Ulaya wao ni mabingwa wa tiba ya mikono tu. Uingereza ina sheria yao ya mwaka 1993. Ufaransa ililitambua jina la mwosteopathi kisheria Machi 2002. Afrika Kusini huwasajili katika baraza la taaluma shirikishi za afya. Shirika la Afya Duniani, katika vigezo vyake vya 2010, linataka mtu asiye na mafunzo mengine ya afya asome saa 4,200, zikiwamo saa zisizopungua 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Takwimu hiyo inafaa kukumbukwa mbele ya kibao cha mtaani kilichoandikwa “osteopathi” kwa rangi nyekundu.

Mtaalamu aliyefunzwa hivyo huanza kwa maswali: maumivu yalianzaje, yanakuja saa ngapi, yanashuka mguuni au la, unabeba nini, unalalaje, umepungua uzito, una homa. Humtazama mgonjwa akitembea, akiinama, akigeuka. Hugonga goti kwa nyundo ndogo kuangalia neva, hupima nguvu ya kidole gumba cha mguu. Ndipo huweka mikono.

Mbinu zenyewe ni nyingi, lakini kwa mgonjwa zinaonekana za aina tatu. Ya kwanza ni kukanda na kunyoosha misuli taratibu, na mama yeyote wa Kasongo, mji mwingine wa Maniema, aliyekandwa kwa maji moto baada ya kujifungua ataitambua mara moja. Ya pili ni ile ambayo mgonjwa mwenyewe hufanya kazi: husukuma kichwa kidogo dhidi ya kiganja cha tabibu kwa sekunde chache bila kichwa kusogea, kisha hulegea, na tabibu huisogeza shingo hatua moja mbele, wanarudia mara tatu au nne. Ya tatu ndiyo inayotafutwa na wengi na kuogopwa na wengi: msukumo mfupi wa kasi, na kiungo kinalia.

Mlio huo hauna maana ya mfupa kurudi mahali pake. Mwaka 2015 watafiti wa Alberta, Kanada, walivuta vidole ndani ya mashine ya picha za sumaku na kuona kilichotokea: nyuso mbili za kiungo zilipoachana ghafla, gesi iliyoyeyuka kwenye ute wa kiungo ilijitokeza na kuacha upenyo. Ni hayo tu. Wazee wanaowakaripia watoto wasialize vidole kwa kuogopa baridi yabisi pia wamejibiwa. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alializa vidole vya mkono wa kushoto kwa miaka sitini na kuuacha wa kulia, kisha akalinganisha: mikono yote miwili ilikuwa mizima. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti za kuchekesha zenye somo ndani yake. Nafuu inayofuata mlio inaelezwa zaidi na mishipa ya fahamu kuliko mifupa: mguso na mwendo wa ghafla hubadilisha taarifa zinazopanda kwenye ubongo, msuli uliokaza unalegea kwa muda, na mtu aliyekuwa anaogopa kugeuka anagundua kwamba anaweza.

Kwa muda. Maneno hayo mawili ndiyo muhtasari wa tafiti zote. Uingereza, katika utafiti uliochapishwa 2004, wagonjwa 1,334 wa mgongo waligawanywa: wengine walipata mazoezi, wengine tiba ya mikono, wengine vyote viwili, wengine huduma ya kawaida ya daktari. Waliopata tiba ya mikono walikuwa na nafuu ndogo au ya wastani baada ya miezi mitatu, na ndogo baada ya mwaka. Marekani, 1999, wagonjwa waliotibiwa kwa osteopathi walipona sawa na waliotibiwa kwa njia za kawaida, ila walitumia dawa chache kuliko wenzao. Kisha Ufaransa, 2021, utafiti mkali zaidi: watu 400, nusu walipata osteopathi halisi na nusu mguso wa kuigiza uliofanana nayo. Tofauti katika uwezo wa kufanya shughuli ilikuwapo, lakini ndogo kiasi kwamba watafiti wenyewe walitilia shaka kama mgonjwa angeihisi, na katika maumivu haikuonekana. Waosteopathi wengi hawakufurahi, na mtu anaweza kuwaelewa. Lakini matokeo ni matokeo.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno, Desemba 2023, liliiweka tiba ya kusukuma uti wa mgongo kwenye orodha ya yanayoweza kupendekezwa kwa masharti, pamoja na elimu kwa mgonjwa, mazoezi, kukanda na dawa za kawaida za kutuliza uvimbe. Hata maandalizi ya pilipili ya kupaka yamo (si pilipili mbichi ya kusaga jikoni, isije ikamwunguza mtu ngozi). Upande wa yasiyopendekezwa kuna mikanda ya kiuno, mashine za kuvuta mgongo, mashine za umeme na dawa kali za jamii ya afyuni. Wanaouza mikanda ya kiuno sokoni hawajausoma mwongozo huo.

Hukumu ya haki, basi, ni hii: kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, mikono ya osteopathi inasaidia kidogo, inasaidia mapema, na inasaidia zaidi ikifuatwa na mazoezi. Mtu wa Bukavu au Nairobi aliye karibu na mtaalamu wa kweli na mwenye uwezo wa kumlipa hana kosa akimwendea mara tatu au nne. Mtu wa Nyangwe hana sababu ya kuuza shamba ili amfuate.

Shingo inataka maelezo yake peke yake, kwa sababu katika Maniema shingo hufanya kazi ya mgongo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanawake wa Kenya, Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda wa paji la uso. Walitembezwa kwenye mashine huku pumzi zao zikipimwa. Ilionekana kwamba waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu yoyote ya ziada. Mwendo wao uliubeba mzigo. Kwa mwanamke wa kilo 55 hiyo ni kilo 11. Bidoni la mawese limeshapita hapo. Na utafiti ule ulipima pumzi, haukupima pingili. Picha za shingo za wabebaji wa kuni wa Kongo, zilizochapishwa 2002 na kufuatiwa na utafiti mwingine 2005, zilionyesha uchakavu zaidi kwa wabebaji kuliko kwa wasiobeba. Uchakavu si maumivu, tumeshasema. Lakini shingo iliyochakaa ina akiba ndogo siku mbebaji anapojikwaa kwenye tope na mzigo ukayumba.

Ndiyo maana mtu mwenye hekima hakubali shingo ya mbebaji ializwe kwa msukumo wa ghafla. Ni nadra, lakini msukumo wa nguvu shingoni umewahi kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Mbinu ya pili, ile ya kusukuma na kulegea, haina hatari hiyo na mtu anaweza kujifanyia mwenyewe: kiganja kwenye paji la uso, kichwa kisukume kwa nguvu kidogo, sekunde tano, pumzika; kisha kiganja kisogoni; kisha kila upande. Asubuhi kabla ya kwenda mtoni na jioni baada ya kurudi. Ngata nene husaidia mzigo kutulia. Kugawa bidoni la lita 20 kuwa mawili ya kumi na kwenda mara mbili kunasaidia kuliko ngata, ingawa ni rahisi kuliandika hili kuliko kumwambia mama ambaye mto uko mbali na watoto wako nyumbani.

Bega la mpiga kafi na la msukuma baiskeli huuma zaidi kwenye kano zinazopita chini ya kilele cha bega. Mwosteopathi atalegeza misuli ya shingo na ya nyuma ya bega, atauzungusha mkono taratibu, na mgonjwa atatoka akiuinua juu kidogo kuliko alivyoingia. Lakini kinachoponya kano ni kufanyishwa kazi kidogo kidogo: kusukuma ukuta, kuvuta kamba ya mpira iliyokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli, siku baada ya siku kwa wiki kadhaa. Anayebadilisha upande wa kupiga kafi, au upande wa kusukuma baiskeli, anaweza kujitibu bila kumlipa mtu. Wasukuma baiskeli husema upande mwingine hawauwezi. Wengi huuzoea.

Goti la mtu mzima ni habari nyingine. Gegedu inayofunika ncha za mifupa hupungua na umri, na baada ya majeraha, na kwa wanaochuchumaa au kupiga magoti kazini. Mikono haiwezi kuirudisha gegedu, na anayeahidi hivyo anadanganya. Msuli wa mbele ya paja ukiwa na nguvu, goti hubeba mzigo vizuri zaidi. Zoezi lake halihitaji hospitali: kukaa kitini na kusimama bila kushika chochote, mara kumi, kupumzika, mara kumi tena, kila siku. Wiki ya kwanza goti litalalamika kidogo. Kama halivimbi wala halipati joto, aendelee.

Kongo mashariki haikungoja Kirksville kujua tiba ya mikono. Waunga mifupa wapo kila eneo, na wengi wao wana mikono yenye akili. Wanajua kuhisi mfupa uliovunjika chini ya ngozi, wanajua kuufunga kwa vijiti. Still mwenyewe alikuwa mmoja wao kabla ya kuwa mwanzilishi wa kitu chochote. Makosa yao makubwa yanajulikana pia: bandeji iliyokazwa mpaka vidole vikawa vyeusi, jeraha lililo wazi likafungwa na uchafu wake, na kiungo chenye usaha kikakandwa kwa maji moto. Mtoto aliyevunjika kiwiko asifungwe kijijini, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mzee aliyekaza shingo akikandwa na mkwe wake kwa mafuta ya moto hapotezi kitu.

Hatari iliyo kubwa kuliko ya mkandaji iko dukani. Vidonge vya deksamethasoni huuzwa bila cheti sehemu nyingi za Afrika ya Kati na Mashariki, mara nyingi vikichanganywa na diklofenaki au indometasini kwenye karatasi moja. Maumivu hukoma kesho yake, na hiyo ndiyo shida, kwa sababu mtu hurudia. Mwezi hadi mwezi deksamethasoni hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kuufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu uliokuwa umelala. Diklofenaki na ndugu zake hutoboa tumbo na kuchosha figo. Sindano ya tako iliyochomwa mahali pasipo pake hupiga neva kubwa ya mguu, na mtu aliyekwenda kutibiwa kiuno hurudi akiburuza mguu. Tafiti zilizosema osteopathi hupunguza matumizi ya dawa zinapata maana kubwa hapa kuliko zilipofanywa.

Kisha kuna maumivu ambayo si ya mkono wowote, uwe wa mwosteopathi, wa mkandaji au wa kuhani. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, pamoja na jasho, kukonda au kikohozi, yachunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kongo ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na pingili iliyoliwa na vijidudu ikisukumwa inaweza kubonyea na kumpooza mtu. Mtoto mwenye maumivu ya mifupa yanayokuja na kwenda, macho ya manjano na upungufu wa damu huenda ana selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kongo. Mtoto ambaye maumivu yake yanahama, leo goti kesho kiwiko, na aliumwa koo wiki zilizopita, anahitaji penisilini kabla moyo haujaharibika. Goti moja lililovimba, jekundu, lenye homa, ni dharura ya siku hiyo. Mzee wa kiume mwenye maumivu mapya ya mifupa na shida ya kukojoa apimwe tezi dume. Ganzi kati ya mapaja, mkojo uliofunga au kutoka wenyewe, miguu miwili inayolegea: hapo saa zinahesabiwa. Na mwanamke au mwanamume yeyote aliyeanguka kutoka mchikichini na kuumia mgongo asigeuzwe wala kukandwa. Abebwe akiwa amelazwa juu ya ubao.

Aendako mgonjwa kunajulikana. Kasongo ina jina katika historia ya afya ya Afrika kuliko wakazi wengi wanavyojua. Mradi wa Kasongo, ulioanza 1971 kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, ulionyesha kwamba vituo vidogo vinavyoongozwa na wauguzi, vikiwa na hospitali moja ya rufaa nyuma yao, vinaweza kuhudumia watu wa vijijini vizuri. Mawazo hayo yalisomwa mbali na Maniema, na kanda za afya za Kongo, zaidi ya 500 sasa, zimejengwa juu ya mpango wa aina hiyo hiyo. Nchini Kongo mtaalamu wa kweli wa viungo na misuli kwa kawaida ni wa kinezitherapia, aliyesomea chuo cha ufundi wa tiba au chuo kikuu. Goma ina kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu ina Heri Kwetu, vyote vikiwa na uzoefu wa miaka mingi na watu wenye ulemavu. Mengi anayoyafanya mwosteopathi, mtaalamu huyo huyafanya pia, tena huongeza mazoezi. Jina la kibaoni lisimzuie mtu.

Kanda za afya za Kasongo na Kabambare zingeweza kuanza na kidogo kuliko kumwajiri mtaalamu mpya. Muuguzi wa kituo anaweza kufunzwa maswali ya kutenganisha maumivu ya kazi na maumivu ya ugonjwa, kupima nguvu ya miguu, kufundisha mazoezi matano au sita, na kuwanyima wagonjwa deksamethasoni kwa maelezo wanayoyaelewa. Waganga wakuu wa kanda wanaopanga mafunzo ya wauguzi mwaka huu wayaweke hayo kwenye ratiba, na wawaalike waunga mifupa wakae kwenye benchi moja na wauguzi.

Na wewe msomaji, kama kiuno kimekukamata jana ukishusha magunia, huna homa, miguu ina nguvu na mkojo unatoka kama kawaida, usilale kitandani siku tatu. Tembea leo hata kama ni mpaka kisimani, kandwa ukipenda, punguza mzigo wiki hii. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita. Zikipita bila nafuu, nenda kituo cha afya, na ukifika mwambie muuguzi kwanza unabeba nini na kwa umbali gani.